Mbona unasikika mzima

"Mbona unasikika mzima kabisa?" Alisema hivyo tu kwenye simu, akijua niko nyumbani kwa cheti cha daktari kwa sababu ya presha ya mimba, kisha akahamia kwenye ripoti ya robo mwaka, nami nikamjibu ya ripoti. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo ni Ijumaa na bado linanikereketa.

Angelisema mtu wa ghorofa ya juu nisingelala nalo. Lakini ni msimamizi wangu, huyuhuyu niliyemsifia humu aliponiachia kiti chake chenye mgongo mrefu tumbo lilipoanza kunielemea. Simu ilipoita nilikuwa nimelala ubavu wa kushoto. Nikajizoazoa, nikakaa, nikasafisha koo, nikapokea kama ninavyopokea nikiwa mezani kwangu, maana sikulelewa kuongea na mkubwa kwa sauti ya kitandani. "Shikamoo dada." "Marahaba mdogo wangu, hujambo?" "Sijambo dada." Ndipo akasema lile.

Nimeshamjibu mara nyingi tangu siku ile, peke yangu, nikiwa bafuni, nikimenya chungwa. Mara nyingine namjibu kwa ukali. Mara nyingi zaidi namweleza taratibu, kwa sababu nampenda na nataka aelewe: dada, presha haisikiki kwenye simu. Mwanamke ambaye hajawahi kuwa nayo maishani mimba ikipita wiki ya 20 inaweza kumpanda, ikafika 140 kwa 90 na kuvuka, na yeye anacheka na watu. Wanampima mkojo, wanakuta protini, bado anajiona mzima. Mpaka siku kichwa kinauma na dawa haikitulizi, au anaona vimulimuli, au panachoma chini ya mbavu za kulia. Anayesubiri ajisikie mgonjwa ndipo apumzike anaweza kuwa amechelewa. Hayo ndiyo ningemwambia. Nilimwambia jedwali la tatu lina makosa kwenye jumla.



Kinachoniudhi zaidi ni wakati wa kupima presha. Sharti nikae nimetulia dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na nisiongee. Sasa katika kimya hicho ndipo anapoingia. Mbona unasikika mzima. Mkanda unajaa, unabana mpaka vidole vinaanza kufa ganzi, halafu unalegea kwa kugunaguna, nami nakodolea tarakimu. Jumanne asubuhi ilisoma juu kuliko kawaida yangu. Nikangoja, nikapima tena, ikashuka kidogo. Nimeziandika zote mbili kwenye daftari, maana daktari amenionya nisimchagulie za kumpendeza.

Na sidhani aliuliza hivihivi. Siku moja kabla, watu wa utumishi walikuwa wameniandikia wakitaka kujua kama "ningependa" kuanza likizo ya uzazi mapema. Sipendi! Likizo ya uzazi ni ya kujifungua, kupona na kumnyonyesha mtoto. Nikiimaliza nikiwa kitandani na tumbo, mtoto atabaki na nani? Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, umeyatenganisha haya: kifungu cha 4 kinataka likizo ya uzazi isipungue wiki 14, na kifungu cha 5 kinataka mwanamke aliyeugua kwa sababu ya mimba apewe likizo nyingine, kabla au baada ya ile, akileta cheti cha daktari. Najua nchi nyingi hazijauridhia na kila mwajiri ana kanuni zake. Lakini mjue kwamba mambo haya mawili si kitu kimoja, na anayewaomba mchague moja mumwombe aandike. Mimi nimewajibu kwa barua pepe, nikaambatanisha cheti, nikaomba wathibitishe kwa maandishi kwamba siku hizi zinahesabiwa kama ugonjwa. Hawajajibu. Cheti chenyewe daktari anakiandika kwa wiki mbilimbili, kwa hiyo kila kikikaribia kuisha najiona kama naomba msamaha upya.

Jana wifi alikuja na uji. Nikamsimulia ile simu, nikidhani atacheka au atamsema yule dada wa watu. Hakufanya lolote. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Mimi usiku ule nilikuwa nakunja nguo za mtoto. Naimba." Mnaijua habari yake, ila hilo la kuimba mimi mwenyewe sikuwahi kulisikia. Alfajiri walimkuta ameshaanguka, kifafa cha mimba, povu mdomoni. Anachokumbuka baada ya hapo ni joto la ile magnesiamu, dawa ya kutuliza kifafa hicho, kwenye mshipa, kama mwili mzima umemwagiwa maji ya moto, na muuguzi akimgongagonga goti kwa kinyundo kuona kama bado linaruka. Mwanawe ndiye yule anayenimalizia biskuti.

Akanishika mkono uleule wa kupimia, akauminyaminya bila kusema kitu. Tulikaa hivyo mpaka uji ukapoa. Hasira yangu kwa dada sikuiona tena ilikokwenda. Nilimezea methildopa ya mchana, dawa yangu ya presha, kwa uji uliopoa, usingizi wake ukanichukua saa ileile, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikupigana nao wala kuwaza ripoti.

Kinachonikosesha raha leo ni kingine. Binti yangu mkubwa jino la chini la utoto halijalegea hata kidogo, na jipya limeshachomoza nyuma yake, limekaa upande. Nimemwambia alitikisetikise kwa ulimi, anakataa, anasema linauma. Kuna aliyepitia hili? Lilibidi ling'olewe, au lilianguka lenyewe?