Uzoefu wangu: Ninavyopanga likizo ya Pangani nikitokea Moshi

Desemba, wakati wenzetu wanapanda Moshi kuhesabiwa, yaani kurudi nyumbani kwa sikukuu, mimi nashuka pwani na familia. Kabla ya Krismasi basi za kushuka zina nafasi; baada ya Mwaka Mpya usitegemee. Barabara ni ile ile: Himo, Same, Mombo, Korogwe, unakata Segera kuelekea Muheza na Tanga, karibu kilomita 350, kisha kama 50 nyingine hadi Pangani.

Sisi wa mlimani tunapanga pwani kwa kuangalia likizo ya shule na tarehe ya mshahara. Pwani hupangwa kwa mwezi, huu wa angani. Ukikosea hapo, utafika ukakuta maji hayaendani na ulichopanga, na sahani nayo itakuwa na kuku wa kawaida tu.

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila hatua ikichukua saa sita na dakika chache, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana. Nusu mwezi ni maji mafu, hayaendi mbali. Kwa haraka naangalia kalenda ya Kiislamu: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hutoka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu ni kinyume, asubuhi bahari imejaa.

Kati ya bamvua mbili za mwezi mmoja, nachagua ya giza, ile ya mwezi ukiandama. Wavuvi wa dagaa na vibua huvua kwa taa usiku, na mbalamwezi ikiwaka taa haivuti kitu, hivyo wengi hupumzika. Ukienda mwezi mpevu utapata pweza, maana bamvua zote mbili huanika miamba na wachokoaji wa pweza huingia kazini, ila dagaa wabichi utawasikia kwa jina. Giza linakupa vyote.

Msimu nao una neno. Juni hadi Agosti upepo wa kusi unavuma, bahari inachafuka na kuogelea kwa miwani na mrija hakuna raha. Oktoba na Novemba ndiyo tulivu zaidi, Desemba bado inafaa.

Safari kuu ni Maziwe, fungu la mchanga kusini-mashariki mwa mji. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Leo ni mchanga mtupu unaofunikwa maji yakijaa. Ni eneo tengefu, kwa hiyo kuna ada, huvui, na hata kombe za baharini huokoti. Swali la kwanza kwa nahodha si bei. Ni hili: "Nahodha, shikamoo. Kesho maji yanatoka saa ngapi?" Akijibu bila kufikiri, huyo ni wa kwenda naye. Swali la pili ni jaketi za kuokolea, moja kwa kila kichwa, na za watoto ziwe za watoto. Ya mtu mzima humtoka mtoto kwa juu akianguka majini.

Hesabu ya kurudi ndiyo watu wengi hukosea. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa bamvua ya mita 3.6 ni sentimita 30, 60, 90, 90, 60, 30. Ile 30 ya kwanza ndiyo inayodanganya: unaona mchanga uko pale pale, unaongeza sahani, kisha maji yanakuja kwa kasi mara tatu. Maji yakitoka saa nne na nusu, mimi nataka chakula kiwe kimefungwa saa sita, na chombo kiondoke saa sita na nusu.

Kivuli hakuna hata cha kuazima. Beba turubai na miti minne, maji ya kunywa lita tatu kwa mtu, na shati la mikono mirefu la kuogelea nalo, kwa sababu anayetazama samaki huungua mgongo bila kujua. Miwani ijaribu ufukweni: ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikianguka, si yako. Ndevu za juu ya mdomo huvujisha. Ukungu wa kioo unaondoka kwa mate na kusuuza. Ukitembea kwenye maji mafupi, buruza miguu usiikanyage chini, samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, hulala ndani ya mchanga na husogea akihisi mtikisiko. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyovumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha nenda hospitali.

Kwenye Mto Pangani usiogelee, kuna mamba. Maji yale, kwa taarifa yako, ni ya kwetu: Kikuletwa, pamoja na chemchemi za Chemka, yanapita Nyumba ya Mungu na kuishia hapo Pangani.

Samaki nanunua dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, vyombo vikirudi. Jicho liwe limetuna na kung'aa, matamvua mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Kwenye fungu la mchanganyiko mtoe bunju, yule anayejaa kama puto. Sumu yake haifi jikoni.

Changu wa kupaka, watu wanne: changu kilo moja na nusu, nazi mbili, ndimu mbili, vitunguu saumu punje sita, tangawizi kidole kimoja, pilipili na ukwaju. Chana mbavuni, paka viungo na ndimu nusu saa, isizidi, ndimu hulegeza nyama. Choma kwa makaa ya vifuu dakika saba au nane kila upande. Tui zito pika pembeni na ukwaju na saumu, ukikoroga bila kuacha. Ukiondoka kujibu simu linakatika na huwezi kulirudisha. Paka mara mbili mwishoni tu, mapema linaungua. Nakula na ndizi za mshare nilizobeba Moshi, mkungu mzima bila kukata vichane, na upikwe ndani ya siku tatu kabla joto halijaivisha.

Wa kurudi nao: toa matumbo na matamvua hapo hapo, barafu kilo moja kwa kilo moja ya samaki, ndani ya kisanduku cha barafu chenye tundu la kutolea maji. Jodari, nguru na vibua wakipata joto saa chache hutengeneza sumu inayowasha mwili, na kupika hakuiondoi. Korogwe nafungua, namwaga maji, naongeza barafu.