Tela 14 za mjomba, na saba nilizothubutu kuziandika

Mjomba aliniuliza huku anamenya chungwa la Muheza, hata macho hakuinua: "Mwakani tuna tela ngapi?"

Nikamjibu kumi na nne, maana ndizo zilizomo kwenye vitabu vyangu. Akacheka mpaka chungwa likamponyoka. "Hizo ni nilizonunua, mpwa wangu. Nakuuliza tunazo ngapi."

Ilikuwa wiki ya pili ya Desemba. Mteja wetu mmoja wa saruji alitaka barua kabla ya tarehe 10 Januari: mwaka mzima, kila siku, tutamfikishia tela ngapi getini? Na kila itakayokosekana ina faini yake. Mimi ni mhasibu. Miaka sita nimekaa kwenye kontena la ofisi pale yadi, Tanga, njia ya Pongwe, nasikia nyundo zikigonga nje, na sijawahi kuinama chini ya tela hata moja.

Nilianzia kwenye mafaili, kwa kuwa huko ndiko kwangu. Bima, leseni za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kadi. Nusu siku nikawa nimemaliza. Sijui nini kilinituma nitoke nje na kadi mkononi kulinganisha namba. Fleti mbili, zile tela bapa zisizo na kuta, zilikuwa zimebadilishana vibao vya namba! Zilipakwa rangi pamoja miaka miwili nyuma, na aliyevirudishia vibao akafunga cha huyu kwa yule. Tulikwangua kutu kwa msasa mpaka namba ya chasisi ikasomeka ndipo tukaamini. Muda wote huo kila moja ilitembea na bima ya mwenzake, na tungekuja kujua siku ya ajali.

Kesho yake fundi mkuu akanipa chaki na nyundo. Ni mtu mzima wa Amboni, si wa maneno mengi. "Andika unachosikia, dada. Rangi usiisikilize."

Nilielewa nilipofika tela ya tisa. Hapa kwetu upepo wa bahari una chumvi, na tela zetu kadhaa zimebeba chumvi yenyewe kwa miaka. Punje zinabaki pale mihimili ya kukatisha inapokutana na chasisi. Mvua ikinyesha zinayeyuka, zinapenya, na chuma kinaliwa kwa ndani huku rangi ya juu imetulia kama bibi harusi. Chuma kizima ukikigonga kinalia kama kengele. Kilicholiwa kinalia kama debe. Tela ya tisa ililia debe mahali saba, na pa nane nyundo ikazama.

Halafu kingpini, ule mche mnene chini ya pua ya tela unaoingia kwenye sahani ya kichwa, yaani gari la mbele linalovuta tela. Mzigo wote unavutwa na mche huo mmoja. Za kwetu ni za inchi mbili: mpya ina milimita 50.8, na ikifika 49 kazi yake imekwisha. Fundi alipima kwa vernia, kile kipimo cha unene, mimi nikaandika. Tela ya tatu, 48.7. Ya kumi na moja, 48.9. Nikamwambia mbona ni tofauti ya milimita mbili tu. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa paa la nyumba limetoboka kidogo tu. Kingpini ikiisha, tela inacheza kichwani, kila dereva akikanyaga breki inagonga, na kila inapogonga inajila zaidi.

"Kwani madereva hawajakwambia?" akauliza.

Nikaapa hawajaniambia. Usiku, nikiwa nakula, nikakumbuka risiti za grisi.

Dereva mmoja alikuwa analeta risiti ya grisi mara nne kwa mwezi. Nilikuwa nazilipa huku nanung'unika, nikidhani anatafuta nauli ya bodaboda. Kumbe alikuwa anaipaka sahani na kingpini ili mlio upungue. Tena si yeye peke yake. Kosa lilikuwa langu, tena la kitabuni: gharama zote za matengenezo nilikuwa naziandika kwa namba ya kichwa. Tela haikuwa na ukurasa wake. Leo inavutwa na kichwa hiki, kesho kile, na maradhi yake yanaandikwa kwa jina la kichwa kilichokuwa mbele siku hiyo.

Bahati nzuri hati za mzigo zina namba ya tela. Nikakaa siku tatu nikizioanisha na risiti, tarehe kwa tarehe, na palipokosekana hati nikawaita madereva na utingo wao, tukakaa na birika la chai ya tangawizi wakanikumbusha. Utingo mmoja, kijana mdogo, alikumbuka kuliko mafaili yangu yote. Mwisho wa hesabu, tela tatu zilikuwa zimekula karibu nusu ya fedha za matengenezo ya mwaka. Ya tatu, ya tisa na ya kumi na moja. Sikuhitaji nyundo kuzijua, ilitosha kusoma nilichokuwa nalipa.

Breki tulizikagua jioni, baada ya Isha, yadi ikiwa kimya. Unajaza upepo, unazima injini, dereva anakanyaga na kushikilia, wewe unapita na kikopo cha maji ya sabuni unapaka kwenye mabomba, viungo na busta, yale makopo ya upepo yanayosukuma breki. Panapovuja panatoa povu. Nyingi zilikuwa mabomba ya mpira yaliyopasuka, ya kununua na kufunga. Tairi na taa nazo sina la kusimulia, zilikuwa za kubadilisha tu.

Tela zilizonishangaza ni zile nne za ukutani. Vichwa tunavyo kumi, kwa hiyo nne husimama daima, na mjomba huziita akiba. Kwa macho ndizo bora, kashata za tairi zimejaa. Fundi akanionyesha tarakimu nne ubavuni mwa tairi mojawapo: 3216. Maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2016. Ubavu ulikuwa na nyufa kama tope la kiangazi. Tulipoziunga kichwani ili zitembee, moja tu ndiyo iliyoondoka siku hiyo hiyo. Nyingine, lainingi, vile vipande vinavyobana breki, zilikuwa zimegandana na ngoma za breki kwa kutu, magurudumu yakawa yanaburuzwa bila kuzunguka.

Kuna jambo moja nililiomba mwenyewe, nalo ni kupima uzito zikiwa tupu. Tangu sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki ianze kutumika Tanzania Machi 2019, lori la ekseli sita kama letu mwisho wake ni tani 50: nane mbele, 18 katikati, 24 nyuma. Lakini tani hizo 50 zinahesabu na chuma chenyewe. Tulipima kichwa na tela, tukapima kichwa peke yake, tukatoa. Tela ya nne ilizidi uzito wa kwenye kadi kwa kilo 900. Miaka yote kila ilipopasuka, mchomeleaji aliongeza kipande cha bamba, na hakuna aliyewahi kuondoa cha zamani. Kilo 900 ni mifuko 18 ya saruji kila safari, tunabeba vyuma chakavu bila malipo.

Nikaandika: nane tayari. Tatu, ikiwemo ya nne, ziingie gereji Januari na zitoke kabla ya masika, maana Machi mvua ikianza njia za machimbo ya chokaa hazina huruma na springi dhaifu. Mbili zikatwe spea. Loboi moja, tela ya chini ya kubebea mitambo, sikuihesabu kabisa, haibebi saruji. Kwenye barua niliweka saba, moja ibaki ya kuokoa siku mbaya.

Mjomba alikasirika. "Nimekutuma ukague, wewe umenipunguzia nusu ya mali kwa kalamu!"

"Shika nyundo, mjomba," nikamwambia. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Alikwenda peke yake mpaka tela ya tisa, kanzu ameikunja mkononi. Niliisikia nyundo kutoka ofisini: kengele, kengele, debe. Kikapita kimya. Debe tena. Aliporudi mikono ilikuwa na vumbi jekundu la kutu, akanawa kwanza, akakaa, akavuta barua.

"Weka saba," akasema, akatia sahihi.

Tela ya nne ilitoka gereji tarehe 6 Machi, nyepesi kwa kilo 640 kuliko ilivyoingia. Risiti yake ndiyo ya kwanza kwenye daftari jipya, lenye ukurasa wa kila tela.