Ile mazabodi ya sloti moja

Mwaka 2006, ule mwaka wa mgao mkali wa umeme, baba mdogo aliamua kufungua steshenari Sinza. Mi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita nipo tu home nasubiri chuo, na kwa ukoo mzima nilikuwa ndo "mtaalam wa kompyuta", yaani nilishawahi kuinstoo Windows mara mbili basi. Nikabebwa kwenda Kariakoo kuchagua mashine.

Fundi akatuwekea mbili mezani, zote mtumba, zote Pentium 4. Ya kwanza sipiyu nyembamba ya kulala, kila kitu kipo humo humo kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, sauti, picha, netiweki, laki tatu na nusu. Ya pili tawa kubwa, kadi ya picha yake kwenye AGP, yaani sloti maalum ya kadi ya picha, kadi ya sauti yake, kadi ya netiweki yake, na bado sloti za PCI, yale matundu ya kuchomekea kadi nyingine, zimebaki wazi, laki nne na ishirini. Fundi akamwambia baba mdogo, "Mzee, hivi vya kuchomeka kikifa unachomoa unaweka kingine, vya humo humo kikifa umekizika."

Baba mdogo akaelewa haraka maana alishawahi kuwa na ile redio kubwa ya kila kitu, deki ya kaseti ilipokufa akabeba redio nzima kwa fundi, ikarudi na redio yenyewe haikamati. Alikuwa anaelekea kutoa hela ya tawa. Hapo ndo mi nikajitia ujuaji. Nikamwambia baba, tunatupa elfu sabini bure, hivi vya onibodi, vya humo humo, kikifa unakizima kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio unayoingia kabla Windows haijawaka, unanunua kadi ya elfu kumi unachomeka, maisha yanaendelea. Na sikudanganya, inafanyika kweli. Tatizo sikuhesabu sloti. Ile nyembamba ilikuwa na sloti moja tu ya PCI, na AGP haina kabisa, fundi aliniangalia hivi akanyamaza, nadhani alishachoka kubishana na watoto wa shule.

Tumefika Sinza nawasha, nafungua propatizi, ramu, ile memori ya kufanyia kazi, inasoma MB 192. Tulilipia 256! Damu ikapanda, nikachomoa sipiyu nikapanda nayo daladala nimeipakata kama mtoto, mpaka Kariakoo, nafika naongea kwa sauti mbele ya wateja kwamba tumeibiwa ramu. Fundi hata hakukasirika, akaiwasha, akaingia BIOS, akanionyesha 64 imetengwa kwa ajili ya picha. "Dogo, kadi ya picha ya pembeni inakuja na memori yake, hii ya humo humo unadhani inakula kwa nani? Inakula kwako." Akaishusha ikawa 32, nikaondoka na 224 yangu na aibu zangu. Baba mdogo sikumwambia, nikasema ilikuwa nati imelegea.

Kazi ikaenda. Umeme ukikatika tunawasha kijenereta cha Mchina kinapiga kelele mtaa mzima, intaneti tulikuwa tunavutiwa waya kutoka kafe ya jirani, umepita juu ya mabati, watu wanakuja kusoma imeili na kutuma barua za kazi. Jumamosi jioni mshikaji wangu anakuja na maiki yake kurekodi Bongo Fleva. Sasa ile sauti ya onibodi ilikuwa na balaa lake, ukisogeza mausi tu unasikia kwenye hedifoni zzziii, zzziii, na kwenye rekodi imo. Nikadunduliza, nikanunua kadi ya sauti, nikaichomeka kwenye ile sloti moja, kelele ikapotea kabisa. Vijana wa mtaani wakaanza kuja na elfu mbili mbili zao kurekodi, nikawa prodyuza.

Mwezi wa kumi na moja mvua za vuli zikaja na radi. Mi nishaanza chuo Mlimani, napigiwa simu, "Njoo, mtandao hakuna." Nafika, kafe ya jirani swichi yao imeungua, na kwetu radi imepita na ule waya wa juu ya bati mpaka kwenye tundu la netiweki, hata taa yake ndogo haiwaki. Mashine yenyewe inawaka fresh. Nikafanya vilevile kama nilivyojisifu Kariakoo, nikazima onibodi kwenye BIOS, nikatoa kadi ya netiweki ya elfu kumi kwenye mfuko, nikafungua kasha, halafu nikakaa kimya naangalia.

Baba mdogo akauliza, "Sasa unangoja nini?"

Nikamweleza sloti ni moja na tayari ina kadi ya sauti. Akachungulia ndani muda mrefu, miwani imeshuka puani, wala hakunikumbusha zile elfu sabini, na bora angenikumbusha.

"Mwanangu, kati ya hizi mbili ipi inalipa kodi ya fremu?"

Nikachomoa kadi ya sauti, nikaifunga kwenye kipande cha gazeti, nikaweka mfukoni. Jumamosi mshikaji akaja na maiki yake kama kawaida, nikamwambia leo tunarekodi hivyo hivyo, ila nikishabonyeza tu, mtu yeyote asiguse mausi.