Filimbi tatu, ngoma mbili, na ekipe iliyokataa kushuka

Ukishabikia ekipe, yaani timu, ndogo ya mtaa hapa Lubumbashi, ujue kwamba kila aliyesimama kando yako tayari ni wa Mazembe au wa Lupopo, timu kubwa za mji. Ameshazoea makubwa. Mtu aliyeshangilia mataji ya Afrika ya 2009, 2010 na 2015, aliyemwona Kidiaba, kipa wa Mazembe, akishangilia goli kwa kurukaruka kwa makalio, anakuja kutazama vijana wetu wa Katuba waliobakiza michezo 5 na wako wa pili kutoka mkiani, halafu anawadai mpira uleule. Dakika ya 20 bado ni 0-0, ameshaanza kutukana.

Mimi nilipewa ngoma na nyimbo. Mashauri nayo yalinifuata nyumbani bila kuitwa. Mzee mmoja wa komite alitaka kila mtu atoe franka 2000 tumlipe mganga. Nikamuuliza: "Sasa baba, na wale wengine wakimlipa 3000?" Alininunia wiki nzima. Tulichanga hata hivyo, ikafika kama dola 30 na kitu, sikuandika vizuri, ikaenda kwa ngozi mpya ya mbuzi, basi dogo na maji ya sashe.

Shauri la pili nililikubali, kwa bahati mbaya: tunyamaze dakika 15 za mwanzo ili wachezaji waone tumekasirika. Tukanyamaza kweli. Kumbe kelele zetu ndizo zilikuwa zinafunika matusi! Uwanja ulipotulia, kila tusi likasikika peke yake, wazi, na jina la mwenyewe. Kipa wetu, mtoto wa miaka 19, alisikia mama yake akitajwa mara mbili. Krosi iliyofuata aliitokea, akasita, akarudi, goli.

Siku ile nilihamisha ngoma. Watu wote huziweka katikati ya jukwaa, au nyuma ya goli la wapinzani eti kuwatisha. Ekipe inayopigania kubaki inaishi kwa kutofungwa. Ngoma ziende nyuma ya kipa wako mwenyewe, hatua 10 hivi kutoka kwenye nyavu, ili sauti ya mlevi mmoja isimfikie. Mapumziko yakikaribia, watu 4 wanabeba kila kitu kuzunguka uwanja mpaka goli la pili. Anzeni kutembea kabla mwamuzi hajapuliza filimbi ya mapumziko, la sivyo kipindi cha pili kitaanza bado mko kwenye kona.

Na beki wa kushoto, yule anayetukanwa kuliko wote: mpira ukitoka nje upande wake, imbeni jina lake. Wale wanaomtukana wataimba nao bila kujua, mdomo wa mtu wa Katuba haukatai wimbo.

Sasa filimbi. Hii ni yangu mwenyewe, simsingizii mtu. Nilinunua filimbi 3 za kuongoza makofi, nikaona nimefika. Mchezo wa tatu kati ya ile 5, tuko 1-1, winga wao anakuja na mpira. Leki mmoja, mdogo wetu, nyuma yangu akaona makofi yamelegea, akapuliza: priii! Ndefu, safi, kama ya FIFA. Beki wetu wa kati akasimama. Akainua mkono. Akageuka hata kutafuta nani amecheza vibaya. Winga akampita kama anapita nguzo ya umeme, 1-2. Nikakimbilia kwenye kamba napiga kelele kwamba sheria inasema filimbi ya mtazamaji ikivuruga mchezo, mwamuzi asimamishe na kuangusha mpira. Ni kweli, sheria iko hivyo, ila mwamuzi ndiye anaamua kama imevuruga. Akanitazama, akatazama filimbi iliyoning'inia shingoni mwangu, akaonyesha katikati. Kwa hiyo makofi yaongozwe kwa bidoni, yaani dumu, la njano la lita 20, tupu, kifuniko kimefungwa, na fimbo iliyozungushiwa chube, ule mpira wa ndani ya gurudumu. Bidoni haliogopi mvua na halimsimamishi beki.

Ngoma ndiyo inaogopa mvua. Ngozi ikinyonya unyevu inalegea, inatoa sauti ya godoro. Washa mbabula, lile jiko la makaa, nusu saa kabla, ungoja makaa yawe mekundu bila moshi wala ndimi za moto, kisha uelekeze ngozi kwa umbali wa mkono mzima huku ukizungusha ngoma. Dakika 10 mpaka 15. Gonga kila mara. Sauti ikipanda, toa. Ukingoja zaidi ngozi inakauka kupita kiasi na kupasuka pembeni ukiipiga kwa nguvu, ndivyo tulivyopoteza ile ya kwanza. Ngoma yenye nta katikati ya ngozi, usiielekeze nta kwenye moto, pasha ukingo tu. Mvua ikianza, funika kwa plastiki na muendelee na bidoni.

Mpigaji abadilishwe kila dakika 15. Akichoka hapunguzi mwendo, anauongeza, na waimbaji wanakosa pumzi, wananyamaza. Aliyekunywa bia anaongeza mara mbili, kwa hiyo bia ni baada ya mchezo, ngoma inapigwa kwa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Wimbo mpya msijaribu. Wekeni mmoja mfupi wa kuimba mkifungwa tu, na uanze kabla mpira haujawekwa katikati, kwa sababu kimya hicho ndicho matusi yanakisubiri.

Nyeusi na nyeupe za Mazembe, njano na buluu za Lupopo: jezi hizo zibaki nyumbani. Tulimruhusu mmoja, watu wakabishana Mazembe na Lupopo kipindi kizima huku wetu wanashambuliwa.

Simu ya matokeo ya uwanja mwingine iwe kwa mtu mmoja, na asiwe mtu wa furaha. Siku ya mwisho sare ilitutosha kama wapinzani wetu wa mkiani hawakushinda. Dakika ya 70 mtu akazusha kwamba wamefungwa 3, watu wakaanza kukumbatiana, na wachezaji wetu wanaona! Nikaagiza bidoni lipigwe mpaka mkono uchoke. Kumbe kule walikuwa 0-0, wamekosa penalti.

Tukamaliza 0-0 na sisi, tukabaki kwa pointi 1. Kipa aliokoa mbili, ya pili kwa goti. Filimbi zangu 3 zipo bado, nzima kabisa. Mwamuzi anayezitaka apite Katuba jioni.