Mboga tunalima, unga tunanunua: kujitegemea kwenye kiwanja cha Adelaide

Kila nikiweka picha ya matembele yetu kwenye status, ujumbe unaoingia ni uleule, uwe umetoka Moshi, Dar au Toronto: "Kwa hiyo siku hizi hamnunui chakula?" Tunanunua, ndugu zangu. Tena tunanunua sana. Tunachofanya kwenye nyumba yetu hii, kwenye kitongoji cha kaskazini mwa Adelaide, Australia, ni kupunguza vitu vya kununua kimoja kimoja, na katika kupunguza huko tumeona vipo vinavyokubali na vipo vinavyogoma.

Kinachogoma cha kwanza ni ugali. Nianze nao kwa sababu video za shamba nyuma ya nyumba huwa haziugusi. Kiwanja chetu kina mita za mraba 700, na humo humo ipo nyumba, gereji na njia ya gari. Sisi ni wanne. Mtu akila robo kilo ya unga kwa siku, kwa mwaka ni kilo 91. Wanne tunakaribia kilo 365. Shamba la mahindi lililotunzwa vizuri likitoa tani 5 kwa hekta, hiyo ni nusu kilo kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo nahitaji mita 730. Maana yake nibomoe nyumba, nipande mpaka kwenye sanduku la barua, na bado mwisho wa mwaka nitaazima unga kwa jirani. Hapo sijagusa maji. Mvua za Adelaide ni za majira ya baridi, Juni hadi Agosti, na kiangazi, ambacho ndicho kingekuwa msimu wa mahindi, ni kikavu. Mahindi yanataka kama milimita 500 za maji kwa msimu, na milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Zidisha mwenyewe: lita 365,000. Tangi letu la mvua ni la lita 5,000.

Basi mahindi tunayopanda ni mistari michache ya kuchoma. Unga unatoka dukani na hatuna majuto.

Mboga ni habari nyingine kabisa. Ila kiangazi cha hapa hakina mzaha: tarehe 24 Januari 2019 Adelaide ilifika nyuzi 46.6, na siku ya namna hiyo mchicha wa kwenye tuta la kawaida unanyauka huku unautazama. Kilichotusaidia ni matuta yenye maji chini, ambayo wenyeji wanayapenda sana. Unatafuta lile tangi la plastiki la lita 1,000 lenye fremu ya chuma, unauliza kwanza lilibeba nini (la juisi sawa, la kemikali usilichukue hata ukipewa bure), unalikata katikati, unapata matuta mawili. Chini unamwaga kokoto sentimita 15 hivi. Ndani ya kokoto unalaza bomba lenye matundu, ncha yake moja ikisimama pembeni mpaka juu. Hapo ndipo pa kumiminia maji. Juu ya kokoto unatandika kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo, kisha unajaza udongo uliochanganywa na mboji, usizidi sentimita 30, maana maji hayapandi vizuri kupita hapo. Usawa wa kitambaa toboa tundu la kutolea maji ya ziada, la sivyo mvua za Julai zitakuozeshea mizizi. Malizia na matandazo ya nyasi kavu. Ukijaza leo, mizizi inajinywea yenyewe kwa siku kadhaa, na jua linaambulia kidogo.

Kiangazi tunakula mchicha, matembele na majani ya maboga, ambayo wenzetu wa hapa huyatupa wakabaki na boga lenyewe. Baridi ikiingia ni sukuma wiki, vitunguu saumu na njegere. Kisamvu bado ni cha pakiti ya friza, muhogo hauipendi hali ya hewa ya huku. Matembele nayo hufa kwa jalidi, kwa hiyo mke wangu, mtu wa Tanga ambaye hakubali kukaa miezi bila matembele ya nazi, hukata mashina kabla baridi haijakaza, akayasimamisha kwenye glasi za maji dirishani jikoni. Yanaota mizizi myeupe kama ndevu na kusubiri hapo mpaka udongo upate joto.

Mbegu msibebe kwenye begi kutoka nyumbani bila kuzitangaza. Watu wa karantini wa Australia hawana utani, na faini yao ingewanunulia mboga za miezi. Tafuteni maduka ya Wahindi na Wavietinamu. Mnafu wala haukutaka mbegu: ulijiotea wenyewe nyuma ya gereji, kwa sababu hapa ni gugu kama magugu mengine na watu wanaupulizia sumu. Sisi tunachuma majani machanga na kuyachemsha vizuri. Kama hukulelewa na mnafu, tafadhali usijifunzie kwenye picha, na wa kando ya barabara uacheni, halmashauri hupuliza dawa huko.

Mimi nimekulia Uru, Kilimanjaro, kwenye kihamba, lile shamba la Wachaga linalozunguka nyumba. Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye semina ya pemakalcha hapa (permaculture, kilimo kinachoiga mpangilio wa asili, jina walilolitunga Bill Mollison na David Holmgren kule Tasmania miaka ya 1970), mwalimu alichora mti mrefu wa kivuli, chini yake miti ya matunda, chini yake vichaka, halafu mazao yanayotambaa, akaita msitu wa chakula. Nikaona mruka, mgomba, mbuni na magimbi ya bibi. Nilitaka kucheka, lakini mwalimu alikuwa anajua kazi yake, na nilichokipata pale kilikuwa na thamani ya ada. Tofauti ni kwamba kihamba kina mfongo unaoleta maji kutoka mlimani, na ng'ombe wa ndani anayetoa samadi. Na kuna jambo tunaloliruka tukisifia vihamba: mahindi hayakuwa yanatoka pale. Yalitoka shamba la tambarare, huko chini kwenye joto, tulikokwenda kulima na kurudi jioni. Kihamba nacho hakikuwa kinajitosheleza. Ndiyo maana sioni aibu na mfuko wangu wa unga. Duka ndilo shamba langu la chini.

Kuku tunao, majike matupu, kwa sababu jogoo akiwika alfajiri kwenye kitongoji kama hiki majirani wataipigia simu halmashauri. Mayai yanatosha na mengine tunagawa. Lakini chakula chao ni ngano ya gunia, na hiyo ngano sikuilima mimi. Usiku banda lazima lifungwe sawasawa. Mbweha wapo hata mjini.

Mwalimu wetu hasa ni mzee mmoja Mwitaliano wa nyumba ya pili, watoto wetu wanamwita babu. Waitaliano na Wagiriki waliokuja huku kwa wingi baada ya vita ya pili ya dunia waligeuza nyua za Adelaide kuwa mashamba zamani sana, kabla hayajawa mambo ya mtandaoni. Ana mtini, ana mzeituni, na mwisho wa kiangazi ukoo wake mzima hukusanyika gereji kusaga nyanya na kujaza chupa za mchuzi wa mwaka. Tulizoea kubadilishana: yeye tini, sisi pilipili. Kisha likaja suala la nzi wa matunda. Tangu mwisho wa 2020 vitongoji kadhaa vya Adelaide vimekuwa vikiwekwa chini ya amri ya karantini, na ukiangukia ndani ya eneo jekundu, tunda la mti wako halitoki nje ya uzio wako likiwa bichi. Nyanya na pilipili zinahesabiwa matunda. Wakaguzi wanapita nyumba kwa nyumba, na nzi tasa wanaozalishwa kwenye kituo cha Port Augusta wanaachiliwa kwa wingi ili wale wazima wakose wenza wa kuzaa nao. Hasira zilinipanda, mti wangu, uwanja wangu! Mzee ndiye aliyenituliza: ukipika unaruhusiwa kugawa. Basi msimu ule tulibadilishana jamu kwa achari, na siku hizi naiunga mkono ile amri, kwa sababu nzi akizoea hapa hakuna atakayevuna kitu.

Umeme nao una mambo yake. Tuna paneli za kilowati 6.6 juu ya paa, na mchana mashine ya kufua na maji ya moto vinakwenda kwa jua. Usiku tunanunua umeme kwa bei ambayo ni mara nyingi ya ile wanayotulipa kwa ule tunaowauzia mchana. Watu wengi hudhani ukiwa na paneli huna habari na kukatika kwa umeme. Sivyo. Bila betri, gridi ikizima na inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani) inajizima hata jua liwe kali, ili mafundi walioko kwenye nyaya wasiuawe na umeme unaotoka kwenye mapaa ya watu. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya umeme na jimbo zima la South Australia likaingia gizani. Waliokuwa na paneli tupu walikaa gizani na wenzao. Na mifumo mipya iliyofungwa tangu Septemba 2020 ni lazima iweze kuzimwa kutoka mbali, kwa kuwa zipo saa za jua na ubaridi ambapo mapaa peke yake yanazalisha umeme wa kutosha jimbo zima.

Sisi tuliosoma shule za msingi za Tanzania neno kujitegemea tulilijua kwa jembe na ndoo, kipindi cha EK, Elimu ya Kujitegemea. Lakini ukilisoma Azimio la Arusha la 1967, kujitegemea kunaanzia kwa mtu mmoja, kunapanda kwenye nyumba kumi, kata na wilaya, mpaka nchi nzima. Nyumba moja iliyojifungia ndani ya uzio haimo. Kuna wanaotaka kujitenga na gridi, na duka, na watu wote. Nawatakia heri, ila mimi sina mita 730.

Kwa sasa mjadala wa nyumbani ni betri. Serikali kuu imeanza kupunguza bei yake tangu Julai 2025, na mimi nataka tuchangamkie. Mke wangu anasema tangi la pili kwanza: paa letu linamwaga maelfu ya lita mtaroni kila baridi, na betri hainyweshi mchicha. Sijapata jibu. Jumamosi nimeanza kupima nafasi nyuma ya gereji, pale penye mnafu, na yeye ameshasema mnafu hauguswi.