Jinsi nilivyookoa masimulizi ya bibi
Masimulizi ya marehemu bibi, niliyoyarekodi nyumbani kwetu Temeke, yalihifadhiwa katika muundo wa sauti ambao ni programu ya mtengenezaji wa kinasa sauti pekee iliyoweza kuufungua, nayo haikufanya kazi kwenye kompyuta yangu mpya. Niliifufua kompyuta ya zamani, nikayatoa masimulizi yote kama WAV (muundo wa sauti ambayo kwa kawaida haijabanwa), kisha nikayabana kwa FLAC, muundo huria uliotolewa mwaka 2001, usiopunguza chochote katika sauti wala kudai ada ya leseni (ingawa ubora uliopotea wakati wa kurekodi haurudi). Kwa ndugu nilitengeneza nakala ndogo za MP3, muundo unaochezwa na simu nyingi, ambao mpango wake wa kutoza ada za leseni ulifungwa mwaka 2017. Shangazi sasa anamsikiliza mama yake kwenye simu ya vitufe.