Msewe wa Mjomba Ngome Kongwe

Februari ya mwaka 2010 Unguja nzima ilikuwa kizani. Waya uliokuwa ukituletea umeme kutoka Bara, ule uliotandikwa chini ya bahari mwaka 1980 ukatokea Fumba, ulikuwa mbovu tangu tarehe 10 Disemba 2009. Umeme ukikosekana na maji hukosekana, maana pampu hazisukumi. Alfajiri tukikutana visimani na ndoo zetu, magharibi tukiwasha kandili. Maduka ya Darajani yenye jenereta yalikuwa yakichajia watu simu kwa pesa, na mafuta ya taa yalipanda bei mpaka nyumba nyengine zikawa zinalala saa mbili za usiku. Mimi nilikuwa nasomesha skuli. Madaftari ya wanafunzi nilikuwa nayasahihisha jua lingalipo, kwa sababu usiku macho yalikuwa hayanipi.

Ndani ya kiza hicho akaja Mamkubwa kutoka Wete, Pemba. Dada yangu alikuwa amejifungua, na Mamkubwa ndiye aliyekuja kumuangalia mzazi mpaka atoke arubaini. Alishuka Malindi na pakacha la machungwa, akaingia nyumbani kwetu Kikwajuni, akatafuta swichi ukutani kwa mazoea, akabonyeza. Kimya. Pemba wakati ule ilikuwa na majenereta yake yenyewe, haikutegemea ule waya wetu. Ulikuwa umeme wa kubahatisha, siku upo siku haupo, lakini walikuwa nao. Basi alitusikitikia kweli kweli. "Sisi ndio mnaotwita watu wa shamba," alimwambia mama, "leo shamba kunawaka, mjini mnapapasa."

Hajamaliza wiki, mjomba akapiga simu. Kikundi chake cha msewe, ile ngoma ya Pemba, kilikuwa kimepata nafasi ya kupiga kwenye tamasha la Sauti za Busara, na Jumamosi wangekuwa Ngome Kongwe.

Sauti za Busara lilianza mwaka 2004 na hufanyika kila Februari, wakati wa kaskazi, jua kali na mvua hakuna. Wasanii hutoka Afrika nzima. Lina sharti moja ambalo mimi nalipenda kuliko yote: mpigaji lazima apige mwenyewe pale pale. Hakuna kuwasha kanda huku mtu anafumbua mdomo. Miaka ile maharusi mengi yalikuwa yameshahamia kwenye kinanda kimoja na spika mbili, na vijana waliojua kushika udi au ganuni walikuwa wanahesabika. Kwa hiyo kusikia pahala ambapo ngoma ya kuwambwa kwa ngozi inaruhusiwa kusimama mbele ya watu kama ilivyo, kwangu lilikuwa jambo kubwa.

Na bado watu wengi wa mitaani kwetu walilichukulia kuwa ni la wageni. Tiketi ya mwenyeji ilikuwa ya bei nafuu, hilo lilijulikana, lakini mtu akikwambia "Busara" alikuwa anamaanisha wazungu wenye mikoba na vijana wa Bara. Mamkubwa alichokijua ni kuwa Bi Kidude huimba huko, basi. Mdogo wake kwenda kupiga msewe mbele ya halaiki ile hakulielewa. Msewe kwake ni ngoma ya kijijini, ya harusi na sherehe, uwanjani chini ya miembe. "Watapiga wapi?" aliniuliza. "Ndani ya gereza?"

Hakukosea sana. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kufukuzwa Wareno, na katika maisha yake imewahi kuwa jela. Baadaye, zama za treni ya Bububu, ilikuwa karakana ya reli. Kuta zake nene ndizo zinazofanya muziki ukae ndani.

Jumamosi tulitoka nyumbani baada ya isha, mimi na Mamkubwa, na tochi moja. Mama alibaki na mzazi na kichanga. Mwezi nao haukuwapo: mfungo tano ulikuwa unakatika, mfungo sita haujaandama. Tulipita Mnazi Mmoja hatuoneki, watu tukiwajua kwa sauti zao. Mji Mkongwe nao ulikuwa vivyo hivyo, vichochoro tunavijua kwa miguu. Kufika Forodhani tukakuta karabai za wauza vyakula, pweza na mishkaki vimepangwa mezani, juisi ya miwa inakamuliwa kwa mkono. Nyuma yao Beit el Ajaib limesimama na kiza chake. Jumba lile la mwaka 1883 ndilo linalosifiwa kuwa la mwanzo kutiwa umeme Zanzibar, na usiku ule hata dirisha moja halikuwa na taa. Hatua chache tu kutoka hapo, juu ya kuta za Ngome, mbingu ilikuwa nyeupe kwa taa za tamasha, na jenereta kubwa linanguruma mahali fulani nyuma ya ukuta.

Nje ya mlango walijaa watu wasio na tiketi. Wamekaa kwenye vikuta, wengine na watoto mapajani, wanasikiliza. Sikuona hata mmoja aliyeonesha kujuta. Muziki ulikuwa unawafikia wote.

Tulipoingia, lililonishika mwanzo ni nyuso. Kwa miezi miwili watu tulikuwa tukionana usiku kwa mwanga wa kandili, nusu uso, nusu kivuli. Mle ndani nilimuona mwalimu mwenzangu, nikamuona muuza kahawa wa mtaani kwetu, nikamuona bibi mmoja jirani niliyedhani anaumwa, kakaa kitako kwenye ngazi na kanga yake, mzima wa afya. Watu walikuwa wanaamkiana kwa furaha ambayo si ya kila siku. Mtu anakushika mkono na kukutazama. Wageni nao walikuwa wengi, lakini usiku ule sisi tulikuwa wengi pia, na nadhani taa zilichangia. Ukikaa gizani muda wote huo, palipo na mwanga utapafuata.

Majukwaa yalikuwa mawili, kila moja na ua wake, na ukuta katikati. Moja likipumzika jengine linaanza, na watu wanahama kupitia upenyo kama maji kupwa na kujaa. Tulikuta kundi la taarabu linapiga, fidla zimepangana, ganuni na akodioni, rika na dumbaki. Mamkubwa alituliza kichwa. Ulipofika ubeti alioupenda akafungua fundo la kanga, akatoa noti, akanyanyuka. Alikwenda kwa mwendo ule wa kutunza, mkono mmoja juu na noti imening'inia vidoleni, hana haraka, mabega yanafuata fidla. Kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni alitaka kumzuia asisogelee jukwaa. Mwanamke mwengine akamwambia, "Mwache, anatunza." Kijana akarudi nyuma. Kufumba na kufumbua wanawake walikuwa kwenye foleni, na wageni walionizunguka wakawa wanaulizana kulikoni. Nilimfahamisha mmoja wao aliyekaa karibu yangu. Ubeti ule ulipokuja tena na yeye alikwenda na noti yake, akapigiwa vigelegele.

Kisha tukaenda kumtafuta mjomba. Mamkubwa alikuwa kamchukulia mkate wa ufuta na samaki wa kukaanga. Mlinzi wa nyuma ya jukwaa akasema hapaingii mtu. Mamkubwa akamuonesha kwa kidole: "Yule anayejifunga miguu pale, nimemlea mimi. Hajala tangu kwenye meli." Akatupisha.

Walikuwa wamekaa chini, kikoi na fulana nyeupe kila mmoja, wanajifunga misewe. Nilikuwa nimeshaiona mbali, uwanjani, sikuwahi kuishika. Ni vijaluba vidogo vya majani makavu yaliyosukwa, ndani mna mbegu, vimetungwa safu kwa safu kwenye kamba. Ukitikisa kimoja hakina sauti ya maana. Mjomba alianza kifundoni akawa anapandisha akizungusha, anaukaza kila mzunguko kwa kidole gumba, halafu anagonga kisigino chini na kusikiliza. Kilichompa shida ni mguu wa kushoto. Alifungua, akaanza tena. Mamkubwa akapiga goti, akashika ncha ya kamba, akavuta. "Enhe," mjomba akasema. Aligonga kisigino tena na wote wawili wakatikisa kichwa pamoja.

Fundi mitambo alikuja na vipaza sauti. Aliuliza vizuri, sauti kuu ya ngoma yenu ni ipi? Mjomba akamuonesha miguu. Yule fundi akawaza kidogo, akaenda kuleta vipaza sauti vifupi akavilaza ukingoni mwa jukwaa, chini kabisa, vikitazama visigino. Mimi hilo silisahau. Angeweza kuweka ngoma mbele na kumaliza kazi, lakini aliuliza, akasikia jibu, akalifanyia kazi.

Walipopanda, mwanzo ulikuwa mgumu. Msewe unataka duara. Wachezaji wanatazamana, wanawake wanajibu pembeni, watu wamezunguka pande zote. Jukwaani wanatakiwa kutazama upande mmoja, taa zinawapiga machoni, na mbele yao ni weusi mtupu ambao ndio watu. Niliwaona wanasitasita, safu inataka kujikunja iwe duara na inakumbuka haina nafasi. Mjomba akatoa wimbo. Kibwagizo kikajibiwa na wenzake tu, wanaume watupu, na kikaanguka.

Mamkubwa akajibu. Alijibu kutoka pale tuliposimama, kwa sauti ya shamba, ile isiyohitaji kipaza sauti. Nyuma yetu mwanamke mwengine akajibu, kisha kundi zima upande wa ukutani. Wapemba wa mjini walikuwa wamo mle tele, waliokuja Unguja kwa biashara, kwa kazi, kwa ndoa, sikuwa nimewajua mpaka walipofungua vinywa. Wakasogea mbele, Mamkubwa kati yao, wakatandaa chini ya jukwaa kutoka pembe hadi pembe, na duara likapatikana: nusu juu, nusu chini. Hapo miguu ikaanza kusema. Visigino vyote vinashuka pamoja, na vile vipaza sauti vya ukingoni vikavichukua vijaluba vile vya majani na kuvirusha kwenye kuta za Ngome, na kuta zikavirudisha. Niliisikia kifuani. Maishani mwangu nilikuwa sijausikia msewe kwa ukubwa ule, na wala Mamkubwa, aliyekua nao.

Baadaye kwenye jukwaa la pili ilipanda bendi ya Afrika Magharibi. Mjomba alikaa chini mbele kabisa, misewe bado miguuni, akimwangalia mpiga kora na nyuzi zake 21. Hakusema neno mpaka walipomaliza. Akasema, "Yule kasomeshwa na wakubwa zake," na nilijua ni sifa.

Njiani kurudi Kikwajuni ndipo ubishi ulipoanza. Mjomba alikuwa na furaha na alikuwa na dukuduku. Walipewa muda mfupi. "Dada, msewe haujachemka, unaambiwa shuka. Ule ulikuwa mwanzo tu." Mamkubwa akamwambia ashukuru, watu wa dunia nzima wamemuona. Akasema anashukuru, lakini walichokiona ni kipande. Walibishana mpaka mlangoni, na mimi sikuweza kusema nani mkosa. Tamasha lina wasanii wengi kila usiku, lazima kila mtu akatiwe. Lakini ngoma za shamba zinajengwa polepole, na utamu wake umo katika ule muda ambao mgeni atadhani hakuna kinachobadilika. Tangu siku ile kila nikienda Sauti za Busara naomba ngoma zetu ziongezewe muda, kwa mtu yeyote ninayemuona ana kitambulisho shingoni.

Jumapili baada ya alasiri wakaja nyumbani kikundi kizima kuaga, meli yao ya kurudi Pemba ilikuwa usiku. Mama aliwapikia pilau. Walipomaliza kula, mjomba akatazama uwanja ulio mbele ya nyumba yetu, akawatazama wenzake. Mmoja akaenda kuzipasha moto ngoma kwa makuti. Hawakumuuliza mtu ruhusa. Misewe ikafungwa, duara likawa duara kweli, na kina mama wa mtaa wakatoka na kanga zao kushika kibwagizo. Watoto waliokuwa wanakwenda kisimani wakaweka ndoo chini. Mjomba alirudia wimbo ule ule wa Ngome, lakini safari hii hakuuharakisha, akauacha uzunguke, ukazunguka, mpaka vumbi likafika magotini na wachezaji wakawa hawatazami tena miguu yao. Mzee mmoja Mpemba aliyekuwa akipita na baiskeli akaishusha, akavua makubadhi, akaingia.

"Unaona?" mjomba akanipigia kelele kutoka katikati. "Sasa ndio unaanza!"

Mama akapiga kelele na yeye kuwa meli haimngojei mtu.